Kimtungi Kwenye Majivu

Juzi huko Njiro nilimwona mwendesha baiskeli akijaza upepo kwa kimtungi cha gesi kisichozidi kidole gumba. Kilipiga mluzi, kikaota barafu, nami nikaharakisha kuondoka.

Tulipokuwa watoto, kaka yangu Eliya aliokota vimtungi kama hivyo walikopita watalii wa baiskeli, akavifunga kwenye bomba la plastiki lenye msumari wa kuvitoboa, ili virushe mapera. Kwa macho yangu yalitua kileleni mwa Mlima Meru. Mchana mmoja wa baridi, pera likamdondokea miguuni.

"Gesi imezimia," akasema, akakichomoa kimtungi, akakiacha kando ya moto wa Mama.

"Mzinga wako unakohoa kama bibi," nikamcheka.

Kimtungi kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mama alikuwa akianika mtungi wa gesi wa jikoni juani kila gesi ilipokaribia kuisha, nami nikaamini gesi huzimia kwa baridi. Eliya alipokwenda kuchuma mapera, nikakifukia kwenye majivu ya moto, kando ya ndizi za kuchoma, ili gesi izinduke. Sikujua kwamba msumari haukuwa umekitoboa, na gesi yote ilikuwa bado ndani.

Alirudi, akainama kugeuza ndizi. Nakumbuka harufu ya maganda yanayoungua, kisha mlipuko, kisha mdomo wa Mama ukifunguka bila sauti.

Hospitalini, jicho moja likiwa limekwisha kuondolewa, Eliya alinishika mkono.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikiacha karibu na moto. Ningekuua."

"Nimekusamehe," nikamjibu, na mpaka leo nimemwacha aamini kwamba kosa lilikuwa lake.