Mbolea kwa Jina la Chemayiek

Mke wangu Selina Chemayiek ndiye wa kwanza huku kwetu Endebess kuandikishwa mbolea ya ruzuku. Wengine tulijificha. Ilisemwa serikali inahesabu ekari ili ilete kodi. Karani wa kuandikisha alipofika kwangu nikamwambia sina shamba, nalima kwa watu. Mahindi yalikuwa nyuma yangu, yamenipita kichwa.

Chemayiek akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Usimsikilize huyu. Shamba ni hili, ekari mbili. Niandike mimi."

"Na kodi ikija?" nikamuuliza.

"Itakuja na jina langu. Wewe endelea kujificha."

Kodi haikuja. Ulikuja ujumbe kwenye simu yake, akaenda ghala la serikali, akarudi na mbolea kwa nusu ya bei ya dukani. Waliomcheka wakaanza kubisha hodi. Yeye mwenyewe aliwapeleka kwa chifu kujiandikisha, kwa miguu, akiwagombeza njia nzima. Alikuwa mgombezi. Lakini hakumwacha mtu nyuma.

Alifariki Novemba. Kifua.

Mwezi wa tatu simu yake ikalia. Jirani yetu, Mama Kwemoi, akanisomea: Selina Chemayiek, mifuko minne, ichukuliwe ndani ya siku saba. Mvua ilikuwa karibu, nami bei ya mbolea ya dukani sikuiweza.

"Shemeji, leta kitambulisho chake," akasema. "Nitakuwa Chemayiek."

"Hamfanani."

"Nani anafanana na picha ya kitambulisho? Mimi kwenye yangu nimetoka kama mwizi wa kuku."

Nikakubali. Tukapanga foleni ghalani tangu asubuhi. Saa sita karani akaita dirishani:

"Selina Chemayiek!"

"Niko!" akaitika Mama Kwemoi.

Tangu tumzike sikuwa nimesikia mtu akiitikia jina hilo. Nikamtangulia dirishani.

"Hapana," nikasema. "Huyu siye. Mwenye jina amekufa."

Mama Kwemoi akanigeukia. "We mzee una wazimu? Mbolea hii hapa!"

"Baba, si ungebeba mifuko kwanza ndio uomboleze?" akasema mmoja wa nyuma. Watu wakacheka.

Karani hakucheka. "Nikifuta hii, mzee, hairudi. Itabidi ujiandikishe kwa chifu, jina lako."

"Futa."

Mama Kwemoi alinuna mpaka njia panda.

"Chemayiek angekuchapa," akasema hapo.

"Angenichapa."

Yeye akashika njia ya nyumbani, mimi nikashika ya kwa chifu. Nilikuta karibu wanafunga. Karani wa pale akachukua jina langu na namba ya simu. Alipofika kwenye shamba, nikajibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Ekari mbili. Zangu."

"Ujumbe utachukua kama wiki tatu, mzee. Pengine mvua itautangulia."

"Itangulie."

Nilikuwa nimeshaamua njiani. Ekari moja nitaipanda kwa samadi, mvua ya kwanza ikinyesha. Ya pili itangoja mbolea, na ikichelewa nitaipanda hivyo hivyo. Hakuna udongo wangu utakaolala mwaka huu.

Kesho yake asubuhi nikaanza kuchota samadi kwenye boma la ng'ombe, ndoo kwa ndoo. Kwenye ndoo ya tano hivi Mama Kwemoi akaingia na toroli lake. Alikuwa bado amenuna.

"Jaza," akasema. "Na usiniangalie."