Aliingia au Hakuingia

Mdogo wangu alikuwa mwandishi, lakini usidhani wa vitabu. Aliandika kwenye kuta, milango na mbao za maduka: Kinyozi, Bucha, Viatu Hushonwa Hapa. Mtaa mzima ulimwita Herufi, hata mimi dada yake niliyembeba mgongoni nikajikuta namwita hivyo hivyo. R yake ilikuwa na mguu ulionyooka mbele kama wa mtu anayetaka kumpiga mpita njia ngwala. Ukiiona popote, ujue Herufi alipita hapo. Ng'ombe aliyemchora pale bucha alikuwa na macho ya huzuni mpaka mwenye duka akaja juu.

"Herufi, ng'ombe wako anajua kinachomngoja! Wateja wananiona mimi muuaji."

"Sasa ulitaka acheke?" mdogo wangu akamjibu, akaendelea kusafisha brashi zake.

Watu husema alivunjika moyo zilipokuja mashine za kuchapa mabango. Si kweli, na wanaosema hivyo wanipishe. Mashine zilimpunguzia kazi tu, lakini ile hali alikuwa nayo tangu ujana, wakati kazi zikimfuata mpaka mlangoni. Ilikuwa ikimjia bila kubisha hodi. Analala kile chumba cha nyuma ya cherehani yangu, uso ukutani, hali, haogi, chai inapoa mpaka inaota utando. Mkewe alivumilia akachoka, akaenda zake, nami simlaumu. Nikimwuliza, "Baba, unaumwa wapi?" ananijibu, "Dada, haina mahali."

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwinua kitandani, nacho ni kile kipindi chao cha televisheni. Kila Jumamosi mchana walikutana karakana ya fundi wa televisheni tuliyemwita Waya, mtu mwembamba kweli kweli, jina limemkaa. Mle ndani televisheni zimefumuliwa migongo, utumbo nje, na katikati imesimama moja iliyo nzima, kubwa, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Wanakaa mbele yake watu wazima wanne: Waya mwenyewe, Mama Mayai anayeuza mayai pale kona, Mwalimu aliyestaafu hesabu, na mdogo wangu. Wanatazama chombo cha uokoaji kinachozunguka nyota hadi nyota kikiokota watu waliofikwa na maafa. Kina nahodha mwanamke mwenye mvi, na daktari wa chuma wanayemwita Daktari Bati. Nilikuwa nikiwacheka mpaka mbavu zinauma. Watu wana wajukuu, wanagombana kwa ajili ya bati!

Walikuwa na sheria moja, na hiyo ilikuwa kali kuliko sheria za serikali. Waya ndiye aliyekuwa akipata vipindi mapema, naye lazima avikague kwanza kama picha ni safi. Kwa hiyo yeye alijua mwisho kabla ya wote. Na aliyejua mwisho haruhusiwi kumwaga mtama. Ukitoboa hata neno, unawanunulia wenzako chai mwezi mzima, na kipindi kinachofuata unakisikiliza umegeuzwa ukutani. Mama Mayai aliwahi kugeuzwa, na mpaka leo ana kinyongo.

Siku hiyo nilikwenda kumpelekea Herufi sweta, maana kifua kilikuwa kimeanza kumbana na mvua ilikuwa inakuja. Nikasimama mlangoni, nikanaswa. Kulikuwa na mchoraji kwenye ulimwengu ambao jua lake linazimika. Anachora ukuta mchana kutwa, jioni anaufuta wote kwa sababu anauona mbaya. Halali, anaongea peke yake, anajipiga kichwa. Chombo kimekuja kuwachukua watu, wote wamekwisha kuingia, yeye kabaki nje na brashi mkononi. Nahodha anamwita. Hatikisiki. Mlango ukaanza kushuka, ukashuka, na hapo hapo picha ikakatika. Sehemu ya pili, wiki ijayo.

"Ebo!" Mama Mayai akaruka. "Huyo kichaa tu! Jua linakufa, gari limefika, mlango wazi, yeye anapaka rangi!"

"Si kichaa," akasema Mwalimu. "Ni kiburi. Wasanii wote wana kiburi. Anataka abembelezwe."

"Abembelezwe na nani, mlango unafungwa?"

"Ndiyo maana nasema hataingia. Fuata mantiki, mama."

"Mantiki kaitie chumvi ule. Mimi nasema ataingia! Waya, ataingia?"

Waya akajifanya anatafuta bisibisi. Naye wakati huo sehemu ya pili hajaiona bado, lakini alipenda waamini anajua.

Herufi akakohoa, akasema taratibu, "Si kichaa, wala si kiburi. Anaona aibu."

"Aibu ya nini tena?"

"Ya kuchukua nafasi. Mle ndani kila mtu ana kazi yake. Kuna wa mitambo, kuna wa dawa, hata watoto wanabeba maji. Yeye ataingia afanye nini? Atakula hewa ya wenzake bure. Mtu kama yule anahitajika na nani?"

Kisha Mama Mayai akampiga begani. "Herufi, unamsemea kama mlilala chumba kimoja!" Wakacheka, naye akacheka, na cheko lake likageuka kikohozi. Mimi sikucheka. Nilimvisha sweta kama mtoto, mbele za watu, wala hakukataa.

Wiki ile ile kifua kikamwangusha. Miaka ya kuvuta harufu ya rangi na tina ya kuchanganyia ilikuwa imeyala mapafu yake kimya kimya, tukamlaza hospitali. Alikuwa na kitanda karibu na dirisha, na ukuta wake ulikuwa na kibao, Usiteme Mate, kimeandikwa vibaya. Kilimkera kuliko sindano. "Dada, niletee brashi nikirekebishe," aliniambia siku ya kwanza. Nikafurahi. Nikajua bado yumo.

Siku ya pili Waya akaja na machungwa, uso unang'aa kama sufuria mpya. Herufi akamtazama mara moja tu.

"Umeiona."

Waya akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Waya. Niambie neno moja tu. Aliingia au hakuingia?"

"Aa, Herufi, sheria unaijua. Jumamosi nakuletea televisheni ndogo hapa hapa kitandani. Nimeshaongea na nesi, kakubali. Utaona mwenyewe kwa macho yako. Nikikwambia, nitakuharibia."

"Niharibie."

"Ng'o! Subira huvuta heri, bwana."

"Na ngojangoja huumiza matumbo!" mimi nikaingilia. "Mtu anaumwa, mwambie!"

"Dada, wewe hujui utamu wake," Waya akasema. "Acha tu. Jumamosi utakuja kunishukuru."

Nilitamani nimchape na beseni. Akaaga, akageuka mlangoni, akakonyeza. Akaenda zake akipiga mluzi.

Herufi alikaa muda anatazama kile kibao. Kisha akasema, "Hakuingia."

"Umejuaje?"

"Angekuwa ameingia, Waya angesema. Hawezi kuficha jambo jema, namjua. Amenionea huruma tu."

"Herufi, hiyo ni sinema! Watu wanalipwa!"

"Najua, Dada." Akavuta shuka. "Hata mimi ningekuwa nahodha ningefunga mlango."

Akageukia ukuta. Nilimwita, nikamtania, nikamwambia kuhusu yule ng'ombe wa bucha, kwamba kapakwa rangi upya na sasa anacheka. Hakugeuka. Brashi niliyomletea kesho yake hakuigusa. Uji hakuunywa. Jumamosi haikufika, mdogo wangu akafa. Daktari alisema ni mapafu, na sibishani na daktari. Labda asingepona hata angeambiwa nini. Lakini nilimlea yule mtoto, namjua akipigana na namjua akiacha, na siku ile aliacha.

Tukamzika. Watu wakaanza kutawanyika, mimi nikabaki nyuma nikirekebisha udongo kwa mkono, kazi isiyo na maana. Nikamwona Waya karudi, na Mwalimu na Mama Mayai wakimfuata. Akawageukia.

"Hebu sogeeni kule mbali."

"Kwa nini?" Mama Mayai akauliza, macho yamejaa machozi.

"Ninyi bado hamjaiona."

Nikadhani watamzaba kibao. Wala! Walitazamana, wakarudi nyuma hadi kwenye ukuta wa makaburi, na Mama Mayai akajifunika masikio kwa mtandio wake. Waya hakuniona mimi, au aliniona akaona sihesabiki, maana si mwanachama. Akachuchumaa.

"Aliingia, ndugu yangu," akasema. "Aliingia. Nahodha aliuzuia mlango kwa mikono yake, akashuka mwenyewe. Hakumbembeleza. Alimwambia, chombo chetu hakina jina. Lilifutika tulipopita kwenye moto, na sasa kila tunapotua watu wanakimbia, wanadhani sisi ni maadui. Wengine wanakufa kwa kutukimbia. Ndani nina mafundi wa kila namna, ila hakuna hata mmoja anayejua kuandika kwa mkono. Wewe nakuhitaji. Ndivyo alivyosema, Herufi. Nakuhitaji. Basi jamaa akachukua kopo lake, akapanda. Akaliandika jina ubavuni, kubwa. Na ile R..." Waya akashindwa, akajifuta kwa mkono wa shati. "Ile R ina mguu mbele, kama yako. Kabisa. Nilicheka peke yangu karakana, nikasema, Jumamosi atakapoiona hii! Nilitaka nikutazame uso."

Sijui niliinukaje. Nilijikuta nimemkunja ukosi.

"Ulikuwa nalo mdomoni!" nilimpigia kelele. "Neno moja! Alikwambia umharibie, mbona hukumharibia?"

Alisimama ananing'inia mikononi mwangu, mwepesi kama koti.

"Nilidhani Jumamosi ipo, Dada."

Nikamwachia. Ningefanya nini? Hata mimi nilidhani ipo.

Jumamosi ilipofika nikaenda karakana. Usiniulize kwa nini. Nyumbani kulikuwa na kile chumba. Kiti cha Herufi kilikuwa mahali pake na hakuna aliyekikalia, nami nikavuta kigoda karibu na mlango. Mwalimu, sauti ndogo, akasema bado anaamini hataingia. Mama Mayai akasema ataingia. Wakanigeukia.

"Dada, wewe unaonaje?"

Waya alikuwa amenipa mgongo, anachomeka waya. Nilimwona mabega yamekakamaa. Lile neno lilikuwa limenijaa mdomoni, na niliwatazama wale wawili walivyokuwa wakisubiri, nikaelewa jinsi linavyozuilika. Kumwelewa si kumsamehe, lakini nilimwelewa.

"Sijui," nikasema. "Tuangalie."

Picha ikaja. Mlango unashuka, unashuka, na mikono ikaudaka kutoka ndani. Nahodha akatoka. Mama Mayai akashika kichwa. Mchoraji alipokanyaga ngazi, yule mama akaruka juu mpaka kikombe kikamwagika, akakigeukia kile kiti kitupu na kukipiga begani, pale ambapo bega lingekuwa.

"Ameingia! Herufi, ameingia!"

Mkono ukapita hewani. Akabaki amesimama hivyo, mdomo wazi, kisha akakaa chini, akaanza kulia kwa sauti. Mwalimu akavua miwani. Hakuna aliyezima picha. Waya alikuwa ameinamia meza yake, nami nikabaki naitazama ile R ikiandikwa, mguu mbele, mpaka ikakamilika.