Jalada la Daftari la Hesabu

Binti yangu kafungua chupa ya mafuta ya jua dukani, Lewisham, huku Uzunguni, na ile harufu ya nazi ikanipandisha hasira.

Nilipokuwa mtoto, hapa hapa, mama alikuwa akisafisha ofisi ya wakala wa utalii. Vitabu vya matangazo vilivyopitwa na wakati alituletea tujalidie madaftari. Daftari langu la hesabu lilivaa picha ya ufukwe wa kijijini kwao mama, Unguja, kwa bibi ambaye sijamwona hata siku moja.

"Ndiko tunakokwenda Krismasi!" akasema msichana wa Kizungu niliyekaa naye dawati moja.

Alirudi amesukwa, ananukia nazi. "Kanisuka bibi mmoja ufukweni. Kaniita mjukuu wake."

Nyumbani nikalichana jalada vipande vipande.

"We mwana, daftari limekukosea nini?" mama akauliza.

Nikaketi baina ya magoti yake. "Nisuke. Tena vuta, mpaka niumie."