Swali Kuhusu Vita vya Wamarekani

Nikisikia harufu ya vumbi la chaki, narudi darasani kwetu Tarime, viganja vikiwa bado na udongo wa shamba la ujamaa. Mwalimu alitusimulia jinsi wakulima wa Amerika walivyowapiga risasi askari wa Mwingereza kwenye daraja moja, wakapigania uhuru wao miaka mingi hadi Mwingereza akasalimu amri. Darasa likapiga makofi. Mimi nikasimama.

“Mwalimu, na watumwa wao weusi waliachiwa huru?”

“Kaa chini, binti.”

“Nitakaa ukinijibu, mwalimu.”

Alinichapa fimbo nne mkononi. Sikuuondoa mkono, wala sikukaa. Alitazama kitabu chake, akakifunga.

“Hapana,” akasema taratibu. “Wengi walibaki watumwa.”

Ndipo nikakaa.