Kata ya Bibi

Kila nikinusa mvuje, ile dawa yenye harufu kali, namkumbuka Mhindi mwenye duka mtaani kwetu, Bagamoyo. Yeye na wageni wake walinywea maji bilauri. Sisi wateja tulinywea kopo lililotundikwa nje ya mlango.

Alipogombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kumwomba baba kura. Akavua viatu, akaketi mkekani. Bibi akamchotea maji mtungini kwa kata yetu ya kifuu.

"Karibu maji, mwanangu."

Aliitazama kata kwa muda, kisha akanywa yote.

"Ahsante, mama."

"Huyu sasa mwenzetu," bibi alisema mgeni alipoondoka.

Baba alimpa kura, naye akashinda. Kesho yake nilitumwa mvuje dukani kwake. Kopo lilikuwa limeondolewa. Palepale lilining'inia jingine, jipya, linang'aa.