Majibu Matatu ya Mwunga Mifupa

Mwunga mifupa wa Nshamba huosha mikono mara mbili, hufumba macho, kisha hupapasa mfupa polepole huku akikuuliza habari za mvua. Mwishoni hutoa jibu moja kati ya matatu. "Huu wangu," maana yake utapona. "Huu tutapambana nao," maana yake hana hakika. "Huu si wangu," na papo hapo humwita mwenye pikipiki akupeleke hospitali. Nilipoyasikia mara ya kwanza nusura nipige kelele, mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Chuoni nilisoma kwamba matabibu wa Misri ya kale waliandika majibu hayohayo matatu, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita! Nilimweleza. "Kumbe walijua," alisema, macho yamefumbwa.

Leo kiwiko kilikuwa cha mama yangu, aliyeteleza akichuma kahawa. Vidole vilipanda, vikashuka, vikarudi palepale.

"Ma Benadetha, mvua imefika kwenu?"

"Mzee, acha mvua. Nitashika jembe tena?"

Vidole vikatulia. "Huu tutapambana nao." Kisha akafumbua macho, akanitazama mimi. "Haya, msomi. Wale wa Misri, wa namna hii waliufungaje?"