Kuku Aliyelalia Sanduku Tupu

Juma lililopita nilifungua sanduku la kuku nyuma ya nyumba yangu hapa Kitale, na kabla sijaona kitu pua ilishaniambia. Mayai yalikuwa yameoza yote, na kuku bado ameyalalia, ametutumua manyoya, ananitazama kwa jicho moja. Nilisimama pale nikajikuta niko kwa nyanya yangu, upande wa Myanga kule Bungoma, mtoto wa miaka minane.

Babu alipofariki, wazazi wangu, waliokuwa wakilima mahindi huku Kitale, waliamua nyanya asibaki peke yake. Nikachaguliwa mimi. Dada zangu walibaki. Hakuna aliyeniuliza, nami sikulia mbele ya mtu. Nilijifunza kuchambua mboga ya mrenda, kuchota maji, kulala huku mvua ikipiga mabati. Ila hapakuwa na mtoto mwingine katika boma lile, na jioni, moshi ukijaa jikoni, tulikula ugali wa wimbi bila kusema mengi. Yeye alimkosa mtu wake, mimi wangu.

Rafiki yangu akawa kuku mmoja mwekundu. Babu alikuwa ameacha sanduku la mbao kwenye ukuta wa nyuma wa jikoni, na kuku alipoanza kulalia, nyanya alitia kipande cha makaa kati ya mayai ili radi isiyaharibu. Akaniambia vifaranga wakitoka, mmoja atakuwa wangu. Kila nikitoka shule nilienda moja kwa moja pale, bado na sare, nikaketi chini na kumsimulia kuku mambo. Kifaranga nilikuwa nimeshampa jina la dada yangu mdogo.

Siku za kutotoa zikafika, zikapita. Nyanya alingoja zaidi ya alivyopaswa, nadhani kwa sababu yangu. Jumamosi moja asubuhi alileta karai la maji vuguvugu, akayatia mayai moja baada ya jingine. Lenye uhai hutikisika majini. Tuliinama wawili tukitazama, vichwa vikigusana. Hakuna lililotikisika.

"Imehalibika yote," akasema.

Alichimba shimo kwenye migomba akayazika. Nilimwomba avunje moja nione ndani, akakataa. "Hiyo si ya kuona."

Kuku naye hakuelewa. Jioni alirudi sandukuni akalala kama kawaida. Nyanya akatoa majani yote, kuku akalala juu ya mbao. Akamchovya kifua kwenye maji baridi ili joto la kulalia limtoke, akamfungia chini ya tenga, lakini akiachiliwa tu, mbio hadi sandukuni. Ukimbeba ulihisi mifupa. Nami niliendelea kukaa naye, hata nilipoitwa kula. Siku moja nyanya alikuja akachuchumaa kando yangu, jambo gumu kwa magoti yake.

"Unamwambianga nini huyu?"

"Habari za nyumbani."

"Hapa?"

"Hapana. Kitale."

Alishika ukuta akainuka. Kesho yake alikwenda kwa jirani, mwalimu mstaafu aliyekuwa na simu, nami nikamfuata. Nilimsikia akimpigia mama yangu kelele, kama watu wasioiamini simu: "Kujeni mchukue mtoto." Nilirudi nikilia njia nzima, nikidhani nimemkosea.

Alinieleza akinikunjia nguo. "Kuku ikilalia sanduku tupu inakonda mpaka inakufa. Na wewe umeanza kukonda. Mimi ni mzee, nitazoea." Kisha akachukua nyundo, akang'oa sanduku ukutani. Kuku aliuzunguka ukuta ule akilia, mwishowe akaenda kuchakura na wenzake. Baba alikuja kunichukua kabla juma halijaisha.

Kitale kulikuwa na kelele, ugomvi wa blanketi, chakula kinachoisha upesi. Nilifurahi, na kwa wiki nyingi sikumfikiria nyanya sana.

Likizo ya Desemba tulikwenda wote. Nilikimbia mbele ya wenzangu, nikamkuta ameketi mlangoni akichagua maharagwe. Alifungua mdomo anisalimu, sauti isitoke. Akakohoa, akajaribu tena, ikatoka inakwaruza kama ya mtu aliyeamshwa, na ilikuwa saa nane mchana.

"Unaumwa, kukhu?" Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha ya kwetu.

"Siumwi. Ni vile sijaongea tangu Jumapili."

Boma lile sasa limekodishwa. Miwa imefika hadi palipokuwa mlango wa jikoni, migomba imekatwa, na nyanya amelala kando ya babu. Watu wananiuliza ninakosa nini kule, nami hutaja mrenda, hutaja mvua. Ninachokikosa hasa ni ile sauti, jinsi ilivyolainika kidogo kidogo mchana ule tukimwongelesha sote kwa pamoja, hadi giza likiingia akawa anacheka. Tulikaa naye mpaka mwaka mpya. Siku tuliyoondoka, sauti ilikuwa imerudi yote, na alituaga kwa sauti nzuri kabisa.